Sweta Iliyoingia Wodini

Nerissa Gayle alikuwa amejiandaa vizuri siku hiyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Alivaa gauni lisilo na mikono, maana joto la Agosti lilikuwa la kukufanya utamani kuvua ngozi, lakini juu yake akatia sweta ya kijani ya mikono mirefu. Mwanamke aliyekulia Jamaika haendi hospitali wala ofisi ya serikali mabega wazi. Atarudishwa getini, hata kama amefuata cheti cha kifo cha mwanawe wa kumzaa.

Kikapuni alikuwa na chupa ya uji wa mahindi uliotiwa kungumanga, na taulo jipya. Vyote vilikuwa vya baba yake, Shemasi Gayle, ambaye saa tisa alasiri hiyo angepakiwa kwenye gari la wagonjwa na kupelekwa Kingston kukatwa mguu. Kisukari kilikuwa kimeshaula mguu hadi juu ya kifundo. Mzee alikuwa amepita miaka themanini, na madaktari hawakuficha kwamba huenda asirudi. Naye akatuma neno kwa dada mmoja wa kanisani: "Mwambieni Nerissa aje kabla hawajanichukua."

Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka sita. Siku ya maziko ya mama yake, Nerissa alishuka kwenye basi moja kwa moja kutoka kazini Montego Bay, gauni jeusi, mabega nje, kichwani hana kofia. Shemasi alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, palepale aliposimama kila Jumapili akikagua wanawake kama ofisa wa forodha anavyokagua mizigo. Akamtazama binti yake juu hadi chini, akasema, "Si hivyo," akanyoosha mkono kuziba mlango. Mkewe mwenyewe yumo jenezani, na bado mtu huyu alipata nguvu za kuhesabia watu mabega. Nerissa alimuaga mama yake akiwa uani, akisikiliza nyimbo kupitia dirishani.

Kwa hiyo alipofika getini pa hospitali ya mji wa milimani akamkuta msichana analia, moyo wake ulitangulia kabla ya akili.

Msichana aliitwa Kerry-Dene. Alikuwa muuza maji na soda penye taa za barabarani, na alikuwa amevaa fulana ya kamba mbili tu begani.

"Mwanangu kamwagikiwa chai ya moto, afande," alikuwa akimwambia mlinzi. "Jirani ndiye kamleta. Mimi nilikuwa barabarani nauza."

"Pole, binti. Lakini hivyo huingii," akajibu Lindo, mlinzi, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya upole. "Sheria sikuitunga mimi."

"Basi mwanangu afe kwa sababu ya makwapa yangu?"

"Hafi. Nenda ukavae."

"Nyumbani ni mabasi mawili!"

Kwa kawaida ng'ambo ya barabara hukaa Bi Myrtle, anayekodisha mitandio kwa wanawake waliosahau. Siku hiyo mitandio yake yote ilikuwa imeshaingia wodini kwenye mabega ya watu. Ilibaki ile desturi nyingine ya getini, ya wanawake kuazimana nguo bila hata kuulizana majina. Nerissa akavua sweta.

"Vaa. Mwone mtoto, urudi mbio. Nina baba yangu humo."

"Dakika tano, mama," alisema Kerry-Dene, mkono mmoja umeshaingia kwenye sweta. "Haki ya Mungu."

Akapita. Lindo akamtazama Nerissa, kisha akayatazama mabega yake, akatikisa kichwa.

"Umempa nguo mtu usiyemjua."

"Si atarudi."

"Mh."

"Afande, hiyo mh yako ubaki nayo."

Dakika tano zikapita, zikafuatwa na nyingine nyingi. Nerissa alisimama jua la utosini, shingo ameinyoosha kuelekea mlango wa wodi ya watoto, akitafuta rangi ya kijani. Kila mlango ulipofunguka alitoka mtu mwingine. Mwanamume mmoja akapita getini, shati limefunguliwa vifungo hadi kitovuni. Shati lilikuwa na mikono, kwa hiyo Lindo alimsalimia vizuri tu.

Nerissa akatoa taulo kikapuni, akajitanda, akaenda getini kwa madaha.

"Hiki ni nini?" aliuliza Lindo.

"Mtandio."

"Mtandio una karatasi ya bei ya taulo."

"Mabega yamefunikwa, hayajafunikwa?"

"Sikia, mama yangu," alisema Lindo, akishusha sauti. "Wiki iliyopita nilimpitisha mmoja kajifunga shuka. Matroni akanisimamisha mbele ya watu, akaniambia nikirudia nitafute geti lingine la kulinda. Nina watoto wanasoma. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Afadhali angemtukana. Mtu wa matusi unaweza kumchukia ukapata nafuu kidogo, lakini huyu alisema kweli tupu, na Nerissa akajikuta hana pa kutupia hasira yake. Akamwomba basi ampelekee baba yake habari. Lindo hakuruhusiwa kuacha geti. Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa anaingia, aliyevaa gauni la mikono mirefu, akakubali kupitia wodi ya wanaume na kumwambia Shemasi kwamba binti yake amezuiwa nje.

Bibi yule alitoka saa tisa ikikaribia.

"Nimemwambia. Alifumba macho tu. Na yule msichana mwenye sweta ya kijani ni wako?"

"Si wangu. Sweta ndiyo yangu. Yuko wapi?"

"Mtoto kalala juu ya mkono wake. Kaufumbata ule mkono wa sweta kwa vidole vile vilivyofungwa bandeji. Mama akijivuta, mtoto anaamka na kupiga kelele. Nesi kamwambia atulie hapohapo. Na yeye analia, anasema kuna mama anamsubiri nje."

Nerissa alitaka kumlaani Kerry-Dene, akashindwa. Hata yeye angekuwa na mtoto asingenyanyuka. Aliketi juu ya ukingo wa barabara, kikapu mapajani, akahisi amefungiwa nje mara ya pili na mtu yuleyule, ingawa safari hii mzee hakuwa amenyanyua hata kidole.

Gari la wagonjwa likatokea. Lindo akainua mti wa geti, gari likatoka, likasimama kando ya barabara ili dereva ashuke kusaini. Nerissa alikuwa ameshafika mlango wa nyuma, anaugonga. Nesi akafungua.

"Wewe nani?"

"Binti yake. Naomba niingie."

Nesi akayaangalia mabega, akamgeukia Lindo. Lindo akainama kama anayetafuta kitu alichoangusha.

"Gari limeshatoka nje," alisema. "Huko mimi simo."

Nerissa akapanda.

Maishani hakuwahi kuona mkono wa baba yake juu ya kiwiko. Hata akilima viazi vikuu, mzee alifunga vifungo vya shati hadi mkononi. Sasa alikuwa amelala na gauni la hospitali lililokatwa upande mmoja kwa ajili ya dripu, bega na kwapa vyote nje, mkono mwembamba, ngozi imelegea kama ya kuku aliyenyonyolewa. Aliona anaonwa, akababaika. Akajaribu kuvuta shuka kwa mkono wenye sindano, nesi akamzuia.

"Usinitazame," alisema. "Sijavaa."

Nerissa alikuwa amekuja na maneno ya miaka sita, ameyafanyia mazoezi akipika, akifua, akiwa kwenye basi. Sasa akayaacha yote. Alimwonea baba yake huruma, na alijichukia kwa kumwonea.

"Haya, baba. Sitazami."

Akageuka, akakaa akimpa mgongo, uso kwenye mlango wa nyuma, huku gari likianza kuteremka milima. Walipita soko, wakapita shule.

"Nimeambiwa wamekuzuia getini," ilisema sauti nyuma yake.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, baba."

Akasikia pumzi ya mzee inakatika, inaanza tena. Alikuwa analia, Shemasi Gayle, kwa namna ya mtu asiyejua kulia. Nerissa alitamani ageuke amshike. Lakini alikuwa ameahidi, na aliogopa kumwongezea aibu, kwa hiyo akangoja aambiwe, "Geuka, mwanangu." Njia nzima alingoja neno hilo, kona baada ya kona, ameng'ang'ania kitasa cha mlango. Mzee hakulisema.

Walipofika Kingston walimshusha upesi. Nerissa alikaa akitazama sakafu, na mara ya mwisho alipoisikia sauti ya baba yake, ilikuwa inamwuliza nesi kama amefunikwa vizuri.