Namba Kumi na Mbili

Fundi alimwaga kopo lote la boliti na nati juu ya gunia, akapiga chafya kwa vumbi la kutu, akaanza kuchambua kwa kidole kimoja kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Mbele yake ilisimama pikipiki ambayo injini yake ilikuwa imeshikwa na boliti moja. Ya pili ilikuwa imedondoka njiani jana yake.

Mwenye pikipiki, Mama Pacha, alisimama pembeni na helmeti kwapani. Pikipiki ilikuwa ya mumewe, mpaka injini ilipochomoka naye barabarani, akavunjika mguu. Sasa mume alikuwa kitandani, mke ndiye aliyebeba abiria, na nyumba ile haikuwa na mguu mwingine wa kuchezea.

"Namba kumi na mbili," alisema fundi, akiinua boliti.

Katika gereji ile, kama katika nyingi, boliti iliitwa kwa namba ya spana inayoshika kichwa chake. Nyuzi za shina lake, ambazo ndizo zinazong'ata na kushikilia, hazikuwa na jina. Vichwa vikilingana, mambo yamekwisha. Fundi mwenyewe alipewa gereji na mjomba wake kwa kigezo hichohicho cha kufanana kichwa.

"Hiyo kichwa ndicho kinachofanana," alisema Mama Pacha. "Mimi nimezaa mapacha, fundi. Kufanana nakujua."

"Shemeji, kumi na mbili ni kumi na mbili. Itakaa tu."

Tangu asubuhi Mama Pacha alikuwa amekokota pikipiki duka kwa duka. Kila alipoomba boliti ijaribiwe kwanza, muuzaji alimuuliza namba ngapi, akamfungia ya namba hiyo kwenye karatasi, akamwita mteja mwingine.

Boliti zilizofungwa pasipo pake zilikuwa na tabia ya kurudi. Jua likianza kupoa zilijifungua zenyewe, zikadondoka popote pikipiki ilipokuwa, zikaviringika hadi gerejini. Kwenye barabara kuu zilisubiri magari yapite. Muuza vocha wa jirani alizoea kukunja miguu ili zisihangaike kumzunguka. Fundi naye aliacha mlango wazi na kulaza kopo ubavu, ziingie bila taabu. Wateja hawakulalamika. Waliisifu gereji kwamba haijawahi kuishiwa boliti, na wengine walitoka mbali kwa ajili ya sifa hiyo.

Mama Pacha alinyoosha kidole kwenye pikipiki ya fundi mwenyewe, iliyoegeshwa kivulini.

"Za kwako mbona hazidondoki?"

Fundi aliitazama kwa upendo.

"Zile zina nyuzi zake. Nilizihangaikia, shemeji. Nilijaribu moja moja kwa vidole, mpaka nikapata inayoingia yenyewe, bila spana."

"Kwa hiyo unajua."

"Kujua najua."

"Basi nihangaikie na mimi."

"Nikikuhangaikia wewe, hawa nitawahudumia saa ngapi?" Akaonyesha foleni ya wateja, ambao boliti zao zilirudi jana.

Mama Pacha alikasirika. Alimwambia fundi maneno ambayo shemeji haambiwi. Watu wa foleni walimwomba apunguze hasira, kwa kuwa anawachelewesha. Simu yake iliita. Abiria alikuwa anasubiri, na nyumbani dawa ya mgonjwa ilikuwa imeisha. Akampisha fundi.

Fundi alichukua boliti ileile iliyodondoka jana. Mama Pacha aliitambua kwa mkwaruzo wa kichwani. Ilipogoma katikati, fundi aliivalisha spana bomba la kuongezea nguvu, akaning'inia nalo mpaka injini ikalia. Kisha akaipiga injini kibao cha kirafiki.

"Imekaa."

Mama Pacha alifunga injini kwenye chasi kwa mpira wa tairi, juu ya boliti, akaukaza kwa meno. Akaondoka polepole, akishika pembeni kabisa mwa barabara, huku wenye haraka wakimpigia honi.

Jioni ile boliti yake ilifika kabla ya zote. Habari kwamba ameanguka kwenye mteremko zilikuja baadaye, na muuza vocha aliyezileta alisema ni mguu, na kwamba waliomwinua wamempeleka hospitali kwa pikipiki iliyofungwa hapohapo gerejini. Wateja waliuliza kama pikipiki hiyo imefika. Hakuna aliyekuwa na uhakika, kwa sababu jua lilikuwa limeshapoa.

Fundi alisikitika kwa dhati. Alisema maskini shemeji, akatikisa kichwa. Kisha akaipangusa boliti damu na vumbi, akaivalisha spana ya kumi na mbili, ikaenea sawasawa. Akamuuliza mteja aliyefuata anataka namba ngapi.