Kisima cha Chini ya Samadi

Kisima cha nyumba ya Yoramu kilikuwa ndani ya zizi, na mgeni angeweza kulala pale siku saba asijue kama kipo. Baba yake Yoramu ndiye aliyekichimba, pima tisa kwenda chini, akakata vidato ukutani vya kuwekea miguu, akazungushia mdomo wake magogo ya mkambala yasiyoliwa na mchwa. Upande ule wa Bahi watu walijua tangu enzi za misafara kwamba maji ni kitu cha kufichwa. Ila ulipoingia mwaka wa pili wa vita ya Mdachi na Mwingereza, ufundi wa kuficha ukazidi. Wakiona vumbi njiani, walilaza magogo juu ya kisima, juu ya magogo wakatandika ngozi ya ng'ombe, juu ya ngozi wakamwaga samadi, kavu chini na mbichi juu, kisha wakamfunga ndama papo hapo. Ndama akila, akinya, akilala, nani atasema chini ya tumbo lake kuna maji?

"Akija mtu kuuliza," Yoramu aliwaambia watu wake, "kisima kilikauka tangu mwaka jana. Mtu yeyote."

Hakusema kwa ukatili. Kijiji cha pili walimpa mpagazi mmoja kata ya maji, na kabla jua halijazama walifika askari na wapagazi wengi, wakakichota kisima mpaka tope, wakaswaga na ng'ombe wakaenda nao. Waliobaki waliramba kuta.

Mchana mmoja wa mwezi wa kumi, msafara ulikuwa umekwisha kupita tangu asubuhi. Yoramu na mdogo wake Kefa walikuwa porini na ng'ombe. Yudith, mke wa Yoramu, alikuwa uani akipepeta uwele. Binti yake Emilia, wa miaka mitano, alikuwa ndani ya tembe amelala karibu na bibi yake, mzee Loisi, mama yao akina Yoramu. Basi Yudith akasikia hodi, sauti ya mtu asiye na mate.

Alikuwa mpagazi. Mtu mzima, si mzee, nyayo amezifunga magome ya mti kwa kamba. Mzigo hakuwa nao, lakini ngata ya matambara ilikuwa bado kichwani, kana kwamba kichwa hakijaambiwa kuwa mzigo umetuliwa.

"Mama, naomba maji."

Yudith alikaa miaka miwili kwa wamisionari wa Mvumi, Kiswahili alikijua. "Hatuna. Kisima kimekauka."

"Hata ya kulowesha ulimi."

"Kimekauka, baba. Tangu mwaka jana."

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo wote walilisahau. Alfajiri ile walikuwa wamechota kabla ya kuona vumbi, na kamba ya kisima, ile ya ngozi iliyosokotwa nyuzi nne, ilining'inia kwenye kigingi cha ukutani. Ngozi hunywa maji, haiyaachii upesi. Ilikuwa ikidondoka. Chini yake vumbi lilikuwa limefanya kishimo kidogo kama cha kupandia karanga.

Mpagazi aliitazama kamba. Yudith naye akaitazama. Yule mtu akasogea taratibu mpaka ukutani, akakinga kiganja, akasubiri. Tone. Akasubiri. Tone. Lilipodondoka la tatu akalamba kiganja chake, akakikinga tena. Yudith aliendelea kupepeta, na ungo ulikuwa mtupu. Uwele wote ulikuwa umemwagika miguuni asijue.

Matone yalipokoma, mpagazi akasema, "Haya, mama. Nimesikia." Akatoka kwa kupapasa ua wa minyaa, akaelekea upande wa kichuguu kikubwa.

Yudith akasimama, akaitungua ile kamba, akaificha ghalani nyuma ya vilindo vya mtama. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye kuliko ule uongo. Uongo aliambiwa auseme. Kuificha kamba hakuambiwa na mtu.

Siku ya tisa tangu hapo kibuyu cha kuchotea kilipanda na maji nusu. Siku ya kumi na mbili kilipanda na tope. Siku ya kumi na tano kikapanda na vumbi.

Visima vya Ugogo hukauka, si ajabu. Lakini kile hakikuwa kimekauka hata mwaka wa nzige. Walianza kwenda kuchota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, mwendo wa kutoka asubuhi na kurudi jua la kichwa, maji ya chumvi, na ng'ombe waligombana juu yake mpaka wawili wakavunjika pembe. Emilia akaanza kuharisha.

Tena yakaja ya adhuhuri. Saa ile ambayo kivuli cha mtu humwingia miguuni na kila kiumbe hujificha, Yudith alisikia maji yakidondoka uani. Tone. Kisha kimya cha mtu anayesubiri. Tone. Alitoka akakiangalia kile kigingi. Kitupu. Akainama akagusa vumbi la chini yake. Kavu, la moto. Akirudi ndani, tone.

"Unatafuta nini juani, mama Emilia?" Loisi alimwuliza kutoka gizani mwa tembe.

"Kuku, mama."

"Kuku wamekufa wiki iliyopita," akasema mzee, asiulize tena.

Ikabidi kisima kichimbwe zaidi. Na hapa lazima ijulikane desturi ya watu wale. Kamba ya mchimbaji haishikwi na mtu wa nje. Hushikwa na watu wa nyumba yake, na kabla haijateremshwa kila mmoja huweka mkono juu yake, naye mkubwa huuliza, "Nani ana neno?" Mwenye kuficha neno alitoe hapo. Aliyemwibia mchimbaji, aliyemsengenya, aliyelala asipopaswa kulala, aseme. Walisema neno lililofichwa hushuka na kamba, likifika chini hugeuka udongo. Wazee walikuwa wamezika watu mashimoni, hawakuwa wakicheza.

Siku ya kwanza mikono minne iliwekwa juu ya kamba.

"Nani ana neno?" akauliza Loisi.

"Mimi," Kefa akasema. "Nilikula maziwa ya mgando ya kaka siku ya mavuno, nikamsingizia paka."

"Nilijua," Yoramu akasema. "Paka harudishi kifuniko."

Wakacheka. Yudith akacheka nao, mkono bado juu ya ngozi ile. Yoramu akajifunga kiunoni, akashuka na jembe fupi. Kefa akainama mdomoni mwa kisima akamwambia, "Ukimkuta Mdachi huko, mwambie kodi ya kibanda tumekwisha lipa." Jioni Yoramu alipanda na changarawe, kavu kama mahindi ya kukaanga.

Siku ya pili Loisi akauliza, hakuna aliyesema. Bonge la ukuta likaanguka, likampata Yoramu begani. Alipanda mkono mmoja umening'inia, akasema si kitu.

Siku ya tatu waliuliza tena. Yudith alifungua kinywa. Alimfikiria Emilia. Mwanamke aliyemnyima maji mtu wa kiu mlangoni hurudishwa kwao, na mtoto hubaki kwa baba. Hilo halikuwa na mjadala Ugogo nzima, Mkristo na asiye Mkristo. Akafunga kinywa. Kabla ya adhuhuri ardhi ikanguruma chini kama tumbo la ng'ombe, vumbi likatoka mdomoni mwa kisima, na kamba ikavutwa kwa ghafla ikawachuna viganja.

"Kaka!" Kefa akaita. "Kaka!"

Kimya. Halafu kikohozi. Udongo ulikuwa umemfunika Yoramu mpaka kiunoni. Alijifukua kwa mkono mmoja, wakamvuta. Mguu wa kulia uliburutika nyuma yake. Loisi aliukanda kwa mafuta ya ng'ombe, akaufunga kwa vijiti, na muda wote hakumtazama mwanawe usoni.

"Kesho nashuka tena," Yoramu akasema.

"Kwa mguu upi?" Kefa akamwuliza.

"Mtoto anaharisha, Kefa. Nitashuka na huo huo."

Asubuhi ya siku ya nne Yoramu alijikokota mpaka mdomoni mwa kisima akaanza kujifunga kamba. Mikono ikawekwa. Loisi aliitazama kamba muda mrefu, kana kwamba amesahau kuuliza. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Nani ana neno?"

"Mimi," Yudith akasema.

Akalisema lote. Hodi, magome miguuni, ngata, kamba ukutani, kiganja, matone, ghala. Alilisema akiwa ameishika kamba kwa mikono miwili, maana aliona akiiachia atasita.

Yoramu akajifungua kiunoni. "Kusanya vitu vyako," akasema.

"Ulisema mtu yeyote, baba Emilia."

"Nilisema askari."

"Ulisema mtu yeyote, kaka," Kefa akasema, wala safari hii hakutia mzaha. "Nilikuwepo."

"Mtu anayelamba kamba! Hata kama nilisema!" Yoramu alipiga udongo kwa ngumi. "Unaniteremsha siku tatu na hilo mkononi mwako? Kusanya. Mtoto atabaki na bibi yake."

Yudith aligeuka kwenda ndani. Hapo Loisi akasema, "Ningoje, mwanangu, na mimi nikusanye vyangu."

Wakamtazama wote.

"Sikuwa nimelala," mzee akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango, nawaona kwa ufa. Nilimwona akikinga mkono. Nilikuwa na maji kwenye kibuyu, hapa, kati ya magoti yangu. Nikasema moyoni, huyu mkwe ana akili, anatunza nyumba. Nikamshukuru." Akatazama kamba. "Siku tatu mimi ndiye ninayeuliza nani ana neno. Mimi. Sasa nirudishwe kwa nani, Yoramu? Kwetu wote wamekufa."

 Ndama alilia kule mwisho wa zizi, akanyamaza. Yoramu alikaa na mguu wake umenyooshwa mbele kama kitu cha mtu mwingine.

"Alielekea wapi?" aliuliza baadaye.

"Kichuguuni," wanawake wakasema pamoja.

Walimkuta nyuma ya kichuguu, hatua mia moja hivi kutoka uani. Fisi walikuwa wamefanya kazi yao, ila ngata ilikuwepo, na magome yenye kamba. Mifupa ya mgongo ilikuwa bado imeegemea kichuguu, fuvu limeelekea kwenye tembe. Kutoka pale, Yudith aliona, mtu anauona ukuta na kile kigingi waziwazi. Kwa hiyo yule mpagazi alikuwa amemwona akiitungua kamba. Hilo hakulisema kwa mtu, kwa kuwa halikuwa neno alilolificha. Lilikuwa neno alilopewa na yule mtu.

Kefa alichimba kaburi. Yudith ndiye aliyeikusanya mifupa kwa mikono yake, akaifunga kwa kaniki yake ya Jumapili. Hawakumjua jina, wala dini, wala kwao. Loisi alileta kile kibuyu cha siku ile, kikiwa na maji ya chumvi ya mtoni, sehemu ya nyumba ya siku nzima, akayamwaga yote juu ya udongo. Yakanywewa mara moja, hata doa halikubaki. Siku ile hawakupika.

Kesho yake Kefa ndiye aliyeshuka. Mikono ikawekwa, Loisi akauliza, na wote wakakaa kimya. Kimya cha watu waliokwisha kumaliza. Alichimba siku mbili, na udongo ulikaa mahali pake. Siku ya pili alasiri akaita kutoka chini, si kwa kelele, "Teremsheni kibuyu. Nimelowa vidole."

Maji yalikuja taratibu, ya rangi ya majivu, lakini matamu. Emilia alipona. Ng'ombe waliobaki walibaki. Yoramu hakumrudisha Yudith kwao, na habari ya kukusanya vitu haikutajwa tena, ingawa hakumwita mama Emilia kwa muda mrefu. Alipotaka kitu alikielekeza kwa kidole. Mguu wake ulipona vibaya, akawa mtu wa kutembelea fimbo.

Loisi hakuyanywa yale maji. Kila asubuhi alichukua kibuyu chake kwenda mashimo ya mtoni, mzee wa miaka yake, akirudi jua la kichwa. Wanawe walimbembeleza, Kefa akatishia kumbeba. "Yale si yangu," akasema, na zaidi ya hapo hakueleza. Alifanya hivyo hadi mwaka ule wa njaa kubwa, mauti yakamkuta akiwa njiani.

Naye Yudith akawa na tabia ambayo majirani waliiona. Adhuhuri, akienda kuchota, alifika mdomoni mwa kisima, akaondoa magogo, kisha akasimama tu, kamba mkononi, kibuyu hakijashuka. Kule chini, pima kumi na moja sasa, alikuwepo mtu akinywa. Alimsikia wazi, funda kwa funda, kama mtu mwenye kiu ya siku nyingi anayejizuia asipaliwe.

Siku moja Yoramu alikuja na fimbo yake, na mtungi mkononi, akamkuta amesimama hivyo.

"Mbona huteremshi?"

"Bado anakunywa," akasema Yudith.

Yoramu aliinamia shimo, akasikiliza. Uso wake haukuonyesha kama amesikia au hakusikia. Akautua mtungi chini, akaegemea fimbo, akasubiri pamoja naye.