Fungu la Marehemu

Tangu kulipokucha Nyirarukundo alikuwa na tumbo joto, na hakuwa peke yake. Wanawake wote waliokuwa wameketi na mabeseni yao pale ufukweni wanaposhukia wavuvi, chini ya Kamembe, walizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio wodini. Kesho yake Ziwa Kivu lingefungwa kwa miezi miwili ili sambaza, dagaa wa ziwa hilo, wazaane. Hii ilikuwa asubuhi ya mwisho, na mkaguzi alikuwa amefika kabla ya wavuvi wenyewe.

Mkaguzi huyo, Mbarushimana, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani akinywa chai yake taratibu, na nyuma yake palisimama ubao wa sheria mpya. Anayevua kwa ndoana kwa kujifurahisha: samaki watano. Boti ya watalii: samaki ishirini kwa safari. Ekipi, yaani kundi la wavuvi wenye mitumbwi mitatu: kilo mia moja kwa usiku. Mwenye ndoana akizidisha, alinyang'anywa ndoana akarudi zake hotelini. Wenye boti walipigwa faini, wakapandisha nauli, watalii wakalipa. Lakini ekipi ikizidisha mara ya pili, kibali kilichukuliwa mwaka mzima, na wanaume kumi wakabaki kukunja mikono. Ubao haukusema lolote kuhusu watoto wao.

Ekipi ya Habimana, mume wa Nyirarukundo, ilikuwa imeshazidisha mara moja. Mwezi wa sita walirudi na kilo mia na kumi na nane. Haikuwa tamaa. Wavu hauna macho, na gizani hakuna ajuaye amevuta kilo ngapi mpaka afike kwenye mizani ya ufukweni, na hapo samaki wameshakufa na hesabu imeshakuwa kosa. Tangu siku ile Nyirarukundo hakulala vizuri. Kila alipokwenda ufukweni aliiona mitumbwi ya Cirhuza, kapita, yaani kiongozi wa ekipi, aliyenyang'anywa kibali mwezi uleule, imelala kifudifudi na kuku wanataga chini yake. Cirhuza mwenyewe alikuwa akiponda mawe kwenye barabara ya Mururu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ukungu ulikuwa mzito juu ya maji. Mitumbwi haikuonekana, ila wake wa wavuvi hawahitaji kuona. Ekipi hurudi zikiimba ili makasia yaende pamoja, na wimbo ndio unaosema kilichomo. Upo wimbo wa wavu mkavu, upo wa chakula cha nyumbani tu, na upo wa kujaa, ambao wanaume huuimba kwa kupokezana na miluzi. Mkaguzi, mwana wa wakulima wa Butare, aliziona nyimbo zote kuwa kelele za wavuvi.

Ndipo kutoka ndani ya ukungu ikasikika sauti ya Habimana. Alikuwa akiimba wimbo wa kujaa.

Nyirarukundo aligeuka kuutazama ule ubao. Bernadette, jirani yake auzaye sambaza wakavu huko Bukavu, alimtazama mara moja kisha akainamisha macho. Mwezi wa sita waliimba wimbo huohuo, asubuhi ya zile kilo mia na kumi na nane. Alitaka kumpigia mumewe simu, lakini Habimana hakuchukua simu majini kamwe. Ilikuwa ndani ya kikapu alichobeba Nyirarukundo mwenyewe. Kupiga kelele wamwage samaki kungekuwa kumwambia mkaguzi. Alimwona Mbarushimana akifunika chupa yake ya chai na kuitafuta kalamu. Hofu ikampanda mpaka kooni, na hofu ikishafika kooni hutoka kwa njia yoyote iliyo wazi.

Ilitoka kama wimbo wa msiba.

Ufukwe ule una desturi. Mtu akifa wakati wavuvi wako majini, mwanamke mmoja husimama ukingoni na kuwaimbia, akitaja jina. Wavuvi wakisikia, hurudisha ziwani fungu la marehemu. Akifa jirani, ni beseni moja. Akifa mzazi wa kapita, ni samaki wote, maana hakuna anayekula mavuno ya siku aliyofiwa. Nyirarukundo aliyapima haya yote kwa muda wa kupumua mara moja. Beseni moja lisingetosha. Afadhali wapoteze samaki wa siku moja kuliko kibali cha mwaka.

Basi akalitaja jina la mama mkwe wake, Nyiransabimana, kikongwe aliyekuwa nyumbani kwake Mururu, pengine wakati huo anawasha moto wa uji. Alilitaja mara tatu, kama inavyotakiwa. Jambo moja alilijua lakini alikataa kulifikiria: wimbo ule haurudishwi kinywani. Ukishainuliwa, hufungwa kaburini tu; pasipo kaburi, humngoja mtu wa kulijaza.

Wanawake walisimama wote wakaitikia, wengine wakilia kwelikweli, kwa kuwa bibi yule alipendwa. Mkaguzi alivua kofia. Katika ukungu wimbo wa kujaa ulikatika, kisha ikasikika sauti ya samaki wakimwagwa, beseni baada ya beseni. Nyirarukundo alizihesabu. Zilikuwa chache kuliko alivyotarajia, na hapo hofu mpya ilianza kumla, hofu ambayo haikuwa na mkaguzi ndani yake.

Mitumbwi ilitokea kwa kasi. Habimana aliruka kabla haijagusa mchanga, maji yakamfika kifuani. Hakuwatazama watu. Alimjia mkewe, akamuuliza mama alikufa saa ngapi, na nani alikuwa naye.

Kabla mkewe hajajibu, Néhémie, mvutaji wavu wa Habimana, alishuka na gunia dogo. Nyirarukundo alilitambua. Habimana alilileta jana kutoka soko la Kamembe akakataa kumwonyesha kilichomo, akisema atakijua kesho. Néhémie alitoa humo mizani ya mkono, mpya, bado ina karatasi yake.

"Tulipima ndani ya maji, Maman," alisema, kwa huzuni tu. "Kilo makumi kenda na mbili. Ingine tulirudisha zikiwa bado zima. Njo maana kapita aliimba. Alisema leo muke yake atalala usingizi."

Tisini na mbili. Nyirarukundo alilitazama beseni lake tupu. Samaki wa kuwavusha ile miezi miwili walikuwa wameshazama, na maji yakimwagika hayazoleki. Mbarushimana alisogea, akampa Habimana pole kwa mikono miwili, akaandika kwenye daftari lake kwamba ekipi hii haina kosa.

Ndipo simu ya Habimana ikalia ndani ya kikapu. Nyirarukundo aliitoa. Kwenye kioo palikuwa na neno moja, Maman, na Habimana aliliona pia. Alirudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeona kaburi likifunguka. Bernadette aliziba mdomo kwa kitenge. Yeye ndiye aliyekuwa amewapigia ndugu wa Mururu kuwapa pole.

Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Nyirarukundo akapokea.

"Batu bamejaa kwa kiwanja yangu banalia," alisema mama mkwe, sauti nyembamba, imejaa woga wa mtoto. "Banasema mulinitaja kule ku maji. Ni nani aliniimba?"

"Ni miye, Mama."

Nyuma ya kikongwe vilio vya watu wa Mururu vilisikika, na jogoo mmoja.

"Mulifunga wimbo?"

"Hapana, Mama."

"Basi mwanangu," akasema polepole, "munangoja nani aufunge?"