Mgongo wa Deki

Wanafunzi wangu wananiita Jicho. Jina hilo nililipenda, na leo sitaki kujifanya mnyenyekevu. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa wodi, namtazama mgonjwa anavyoketi na anavyovuta pumzi, halafu nautaja ugonjwa wake kabla hajafungua mdomo. Mara nyingi nilipatia. Mara nilizokosea hakuna aliyezihesabu, mimi mwenyewe wa kwanza.

Mama Usafi alipiga deki wodini kwetu miaka kumi na moja. Kila asubuhi alinitania, "Jicho, leo umeniona nina nini?"

"Una domo," namjibu, "na domo halina dawa."

Siku moja akaja chumbani kwangu ameshika kiuno, ndoo ameiacha mlangoni. Niliitazama ile ndoo nikacheka.

"Huo mgongo wa deki, mama. Meza hivi vidonge, pumzika siku tatu."

Nikaandika kwenye faili lake: maumivu ya mgongo, sababu ni kazi. Koti la kazi hakulivua, wala mimi sikumgusa.

Alirudi mara nne katika miezi mitano, na kila mara aliangukia mikononi mwa vijana niliowafundisha. Wa kwanza alifungua faili, akaona mwandiko wangu, akaongeza vidonge. Wa pili akanakili ya wa kwanza. Wa tatu akaandika kwamba mama huyu ni mgonjwa wa mgongo wa kazi wa siku nyingi. Wa nne: aendelee na dawa. Si wavivu, nawajua vizuri. Lakini nani angethubutu kumsahihisha Jicho? Nilichokikisia kwa dakika mbili kilipita mikono minne, kikawa ukweli.

Jumatatu akaanguka koridoni, maji ya ndoo yakamlowesha. Miguu ilikuwa imekataa. Ndipo nikamvua lile koti. Katikati ya mgongo kulikuwa na kinundu ambacho yeyote angekigundua kwa kupitisha kidole tu. Picha ikaonyesha pingili mbili zimeliwa, na usaha umeubana uti wa mgongo. Kifua kikuu cha mgongo. Kikiwahiwa, kinatibika kwa vidonge.

Mpasuaji alifanya alichoweza, akatoka anavua glavu bila kunitazama. "Atapona kifua kikuu," alisema. "Kuhusu miguu, usimwahidi kitu."

Nilimkuta kitandani, binti yake anamkanda wayo wa kulia.

"Mama, hapa unasikia?"

"Sisikii, mwanangu. We kanda tu."

Nikavuta kiti, nikaanza kuuliza yale niliyopaswa kuuliza miezi mitano nyuma. Amekonda? Magauni ameyapunguza mara mbili. Jasho? Shuka zilikuwa zinalowa. Maumivu yalikuwa yanamwamsha usingizini?

"Kila siku."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

Maneno hayo yalinitoka, nikaona aibu kabla sijayamaliza. Hata pale nilikuwa natafuta wa kumtupia lawama.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Jicho, nimepiga deki miguuni mwenu ukiwafundisha watoto hawa. Si kila wiki ulikuwa unawaambia, 'Maumivu ya mgongo yakimwamsha mtu usingizini, msisingizie kazi, mvueni nguo mumguse'? Hilo swali nilikuwa nalijua. Nilikuwa nakuja, nakaa kwenye kiti, nasubiri mniulize."

"Hatukuuliza."

"Nikasema basi, Jicho ameshaona. Kama haulizi, ujue hakuna haja."

Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa. Radhi ya nini, na yeye atasimama kwa radhi? Miaka yote ile nilidhani nawafundisha vijana kufikiri, kumbe aliyeelewa somo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameshika fagio.

Binti akauacha mguu wa kulia, akaanza kuukanda wa kushoto. Mama yake hakujua.