Mafuta ya Karafuu Nyumbani kwa Jovitus

Evangelina wa Ihanda alikuwa haamini mtu. Ukimsalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, atakuitikia vizuri, kisha atashinda kutwa akijiuliza unataka nini kwake. Akipeleka kahawa kuuza, anasimama kando ya mzani na kumkazia macho mpimaji mpaka jasho linamtoka. Mchungaji aliwahi kumtania mbele ya usharika kwamba Tomaso angekuwa hai leo, angehamia Ihanda kumfuata dada yake. Tulicheka, naye akacheka kidogo, halafu akataka kujua mchungaji alikuwa na maana gani.

Lakini tukubali ukweli. Mtu akitaka kununua ng'ombe, au akiletewa mchumba wa binti yake, alipitia kwanza kwa Evangelina. Akikuna kichwa, jambo hilo lilikuwa limekufa. Akinyamaza, ulijua unaweza kuendelea.

Mumewe Jovitus alikuwa kinyume chake. Yeye aliamini kila kitu, hata tangazo la redio. Mwaka jana aliteleza akishusha magunia ya kahawa, akalala kitandani muda mrefu, mguu ukavimba. Hospitali walimwambia damu imeganda kwenye mshipa. Wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande tena, wakamwonya asiviache, na arudi kupimwa kila walipompangia. Vidonge alimeza. Kurudi kupimwa ndiko kulikomchosha, maana safari ya bodaboda na mguu ule haikuwa mchezo.

Ndipo mdogo wake Byabato akamleta Mackrine.

Mackrine alikuwa mwanamke wa Kaisho, mchangamfu, shemeji yake Byabato kwa upande wa mke. Alitembea na kikapu chenye vichupa vidogo vyeusi vya mafuta makali ya mimea: mchaichai, mkaratusi, karafuu. Zamani aliyauza ya kukanda na kunusa tu. Baadaye akajiunga na kundi kwenye simu, kundi la watu wanaosifiana afya, huko akajifunza kwamba mafuta hayo hayo hunywewa.

"Shikamoo baba," alimwambia Jovitus siku ya kwanza, akipiga goti kabisa.

"Marahaba mwanangu."

"Baba, hizo dawa za hospitali zinakuchosha bure. Haya ni mafuta ya karafuu. Karafuu si tunaila kwenye pilau? Si tunaitia kwenye chai? Sasa mafuta yake yatakudhuru nini? Ni kitu cha asili, alichokiotesha Mungu. Unatia matone kidogo kwenye maji ya moto, unakunywa asubuhi na jioni. Yanasafisha damu."

Jovitus aliliona neno hilo ni zuri sana. Mke wake, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, hakulisikia neno hilo hata kidogo. Alikuwa akimtazama Byabato. Byabato alikuwa amesimama uani akiangalia upande wa chini wa kibanja, shamba la nyumbani, kule kwenye migomba minene iliyopakana na shamba lake, na Evangelina alijua macho yale. Tangu baba yao afariki, Byabato alikuwa akisema sehemu ile ilipaswa kuwa yake. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, akaendelea kumenya.

Basi Jovitus akaanza kunywa. Mwanzoni alisema anajisikia mwepesi. Kisha akaanza kulalamika kwamba koo linamwaka na tumbo linamuuma. Ndizi alizikataa, na Jovitus kukataa ndizi ni habari ya kutangazwa. Akipiga mswaki fizi zinatoa damu. Akijigonga kidogo kwenye meza, mkono unapata alama nyeusi, pana, isiyotaka kuondoka.

Mackrine alipoulizwa alitabasamu. "Huo ni uchafu unatoka, mama. Usiogope. Ukiona hivyo ujue dawa inafanya kazi."

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtu mwingine angemchukua mumewe akampeleka hospitali. Evangelina naye aliwaza hivyo, lakini akaona akienda sasa, Byabato atasema kaka yake alikuwa mgonjwa siku zote. Alitaka kwanza ushahidi kwamba wamemtilia sumu. Alitaka aibu iwe mbele ya ukoo. Hasira ilikuwa imemjaa kifuani mpaka usingizi unakuja kwa shida, na kila akimwona mumewe akiinua kikombe alitamani kumpiga mtu, ila hakujua aanze na nani.

Akaficha kichupa kwenye khanga akaenda Kayanga mjini, dukani kwa mzee Saleh, ambako Mackrine alikuwa akinunua. Mzee Saleh amezaliwa Karagwe lakini wazee wake walitoka pwani, na duka lake linanukia viungo tangu barabarani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu, karibu ukae."

Hakukaa. Akatoa kichupa. "Hiki ni chako?"

Mzee Saleh akakifungua, akanusa, akapaka tone kwenye kucha. "Changu. Karafuu hii."

"Kuna kitu kimetiwa ndani?"

"Hakuna."

"Nusa tena."

Akanusa tena, kwa adabu. "Mama, hii ni karafuu tupu. Haijachanganywa na kitu."

"Mume wangu anakunywa haya, na anaumia."

Mzee Saleh akakiweka kichupa mezani polepole. "Anakunywa? Kwetu haya hayanywewi. Jino likikuuma unatia tone moja kwenye pamba, unaliweka pale, basi. Au unachanganya na mafuta ya nazi unakanda mgongo. Kwenye pilau unatia punje chache tu. Humu kwenye kichupa kuna karafuu gunia zima zimekamuliwa. Kwamba ni tupu, mama, hilo ndilo la kuogopa."

Maneno yalikuwa wazi kama mchana. Lakini Evangelina alikuwa amekuja kutafuta sumu, na mzee alikuwa amemwambia hakuna sumu. Alirudi Ihanda akiwa nyuma ya bodaboda, vumbi usoni, akichambua habari. Kwa nini mzee alikana upesi hivyo? Mackrine si mteja wake? Ananunua kwake kila mara. Lazima atamtetea. Na hata kama dukani ni safi, nani anajua Mackrine anaongeza nini njiani? Alipofika nyumbani, onyo la mzee Saleh lilikuwa limegeuka kuwa kosa jingine la mzee Saleh.

Jambo moja jema lilikuwa limetokea. Jovitus, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi mwenyewe.

"Mama Rwegoshora," alimwambia mkewe, "nafikiri nipumzike kidogo na haya mafuta. Tumbo linanikataa."

Angemjibu ndiyo, ingekuwa imekwisha. Lakini yeye alishakuwa na mpango, na mpango mzuri unauma kuuacha. Akamwambia asubiri Jumapili, ndipo waamue.

Kwetu huku, tangu enzi za mababu, mgeni hapewi kinywaji ambacho mwenye nyumba hajakionja. Unachukua kibuyu, unapiga funda mbele ya macho yake, kisha unampa. Maana yake ni kwamba sikukutilia kitu. Na mwenyeji akishaonja, mgeni kukataa ni tusi kubwa, ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba yeye ni mchawi. Mackrine mwenyewe aliutumia sana utaratibu huo. Kila nyumba aliyoingia, alionja tone la mafuta yake kwanza, na watu wakanunua. Nani atamshuku mtu aliyeonja?

Evangelina alimshuku. Aliona kwamba tone la kuonjea linaweza kutoka kwenye kichupa kingine.

Jumapili baada ya ibada akawaalika Byabato na Mackrine. Akapika ndizi kwa maharage na samli, akaweka kahawa za kutafuna kwenye kisahani, akawa mkarimu hata Byabato akashtuka. Walipokwisha kula akaleta kibuyu cha juisi ya ndizi mbivu. Akachukua kichupa cha mumewe, kile kile cha kitandani kwake, akatia matone mbele ya wote, mengi kuliko aliyokuwa akinywa Jovitus.

"Leo tumsindikize mgonjwa," alisema. "Tunywe naye dawa yake."

Akaonja yeye kwanza. Ulimi ulimwaka, machozi yakamlenga, akameza hivyo hivyo. Kisha akamkabidhi Mackrine kibuyu kwa mikono miwili, akamtazama usoni. Hapo ndipo alipokuwa amepasubiri. Angesita, angesema ameshiba, angemtupia Byabato jicho, na ukoo mzima ungejua.

Mackrine akakipokea kwa mikono miwili. "Asante mama," alisema. Akanywa. Akapumua, akakunja uso kidogo kwa ukali wake, akanywa tena mpaka kibuyu kikawa kitupu. Akajifuta mdomo kwa upande wa khanga.

"Ni makali leo," akasema akicheka. "Lakini ni mazuri."

Evangelina akasubiri. Mackrine akatafuna kahawa, akasimulia habari za harusi moja ya Mabira ambako bwana harusi alichelewa kwa sababu ya ng'ombe. Byabato akacheka mpaka akakohoa. Jioni ilipokaribia, Mackrine akaaga, akapanda bodaboda na kikapu chake, akiimba pambio. Hakuanguka. Hakutapika. Hata rangi haikumbadilika.

Evangelina akabaki uani amekunja mikono. Jovitus alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anamtazama. Hakumwuliza kitu, naye hakumwambia kitu. Akaokota kibuyu akaenda kukiosha.

Kesho yake Jovitus alirudia mafuta. Safari hii hakuhesabu matone, alitumia kijiko. Mkewe aliona. Alitaka kusema neno, lakini angesema neno gani, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeandaa karamu ya kuyajaribu?

Wiki hiyo haikuisha. Asubuhi moja Jovitus alikuwa anakunywa uji, akauweka chini, akasema anasikia kizunguzungu. Kisha akatapika, na alichotapika kilikuwa cheusi kama makapi ya kahawa, halafu kikawa chekundu. Evangelina alipiga yowe moja tu. Byabato ndiye aliyekuja mbio kupitia migomba ile ile, akambeba kaka yake mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la mtu aliyekuwa anapeleka ndizi mnadani, akapanda naye nyuma akimshika kichwa njia nzima. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule. Evangelina alimtazama akilia na, Mungu amsamehe, akapima kama machozi ni ya kweli. Yalikuwa ya kweli.

Hospitali walimtundikia damu. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Evangelina akataja vidonge, kisha akatoa kichupa. Daktari alikinusa akafumba macho.

"Anayapaka?"

"Anakunywa. Kwa kijiko."

"Mama, vidonge vyake vinaifanya damu iwe nyepesi. Haya mafuta yakinywewa nayo yanaifanya nyepesi, tena yanachoma tumbo. Kwa pamoja damu inakosa breki. Na ini lake limeumia. Haya ni makali mno, hayanywewi nyumbani namna hii, hata na mtu mwenye afya njema."

"Lakini aliyeyaleta aliyanywa," Evangelina akasema. Sauti ilikuwa ya kugomba, kana kwamba daktari amemwibia. "Aliyanywa mbele yangu. Kibuyu kizima. Hakupata kitu."

"Huyo anameza vidonge hivi?"

"Hapana."

"Alikunywa kila siku?"

Evangelina akageuza uso. Kupitia dirishani alimwona Mackrine amekaa kwenye majani, kikapu hana, amejifunika uso kwa khanga. Alimtafuta mtu mbaya kwenye uso ule kwa miezi, na hata sasa alijaribu kidogo tena. Alikuwa ni mwanamke aliyeamini alichokuwa akikiuza, basi.

Siku iliyofuata damu ilisimama. Daktari alisema ataishi, ila ini litahitaji muda mrefu, na wasitarajie kwamba atarudi kuwa yule wa zamani. Evangelina akakaa kando ya kitanda, akamshika mumewe mkono wenye alama nyeusi. Hasira yote ilikuwa imeisha, na mahali pake palikuwa na hofu tu.

"Kwa nini uliyarudia?" akamwuliza. "Ulikuwa umeshasema utapumzika. Au ni kwa sababu ulimwona Mackrine akinywa?"

Jovitus akatikisa kichwa polepole juu ya mto.

"Sikuwa namwangalia Mackrine," alisema. "Mimi mtu yeyote ananidanganya, najijua. Nilikuwa nakuangalia wewe, Mama Rwegoshora. Wewe hujawahi kuridhika na kitu tangu nikuoe. Alipomaliza kunywa ukanyamaza. Nikasema, ikiwa mke wangu amenyamaza, basi haya ni salama."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeshukuru, akafumba macho apumzike.

Evangelina aliendelea kumshika mkono. Jioni ile ya Jumapili, Mackrine alipokwisha kunywa, hakuwa ameridhika hata chembe. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anafikiria mtego mwingine wa kumnasa Byabato, na hilo hakuweza kumwambia.