Kigango cha Gavana

Gavana mstaafu Hollis Pruett alishuka garini kwetu Ganda amevaa suti, jua la saa sita likichoma, nami nilimchukia kabla hajasema neno. Nyuma yake madereva wawili walibeba kigango kilichoviringishwa blanketi, kama maiti.

Sisi Wagiriama huwachongea wazee wetu wakubwa waliofariki vigango, nguzo za mti mgumu, na tukishazisimika haziondolewi hata tukihama. Cha baba yake hawe Sidi, bibi yangu, kilikatwa kwa msumeno miaka thelathini na mitano iliyopita, kikauzwa. Mwizi aliacha kisiki ardhini. Tangu hapo hawe amezika watoto watatu, na kila msiba alisema baba yake anataka kurudi nyumbani.

Pruett alianza kama wakili wa serikali, akawa gavana wa jimbo huko Amerika kwa mihula miwili. Siku aliyoapishwa, tajiri mmoja alimzawadia kigango, kikakaa nyuma ya kiti chake miaka minane. Kila sheria aliyotia sahihi, kila mfungwa aliyemnyima msamaha, yule mzee wa mti yumo pichani. Juzi juzi daktari alimwambia moyo wake umechoka, ndipo akaanza kutafuta wenyewe. Mtaalamu mmoja akamhakikishia ni cha Ganda. Mimi hutembeza watalii Malindi, kwa hiyo ukalimani ukaniangukia.

"Shikamoo, mama," Pruett alisema. Alikuwa amejifunza.

Hawe alikuwa akitazama blanketi tu. "Mleteni hapa kwenye kisiki."

Tukakisimamisha. Kilizidi kisiki vidole viwili kila upande. Tukakigeuza, kikazidi tena.

Pruett alifuta jasho. "Mwambie ndicho chenyewe," aliniambia kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya kuombea kura. "Ardhi hula mti. Miaka ni mingi."

Nakiri nilitaka kudanganya. Hawe ana miaka themanini na sita, angekufa moyo umetulia. Nikafungua mdomo.

"Usijisumbue, Mwaro," hawe alisema. "Huyu si baba. Huyu ni baba wa watu."

Akalia waziwazi, mbele yetu sote. Kisha akachukua kibuyu cha tembo aliyomwekea baba yake, akammiminia yule mgeni wa mti chini pale.

"Muulize anarudi kwao lini."

"Ijumaa," Pruett alijibu.

"Mwambie hapana. Visiki viko Jilore, viko Bamba, viko Kaloleni. Amtembeze nyumba hadi nyumba mpaka apate kwake. Na kila nyumba aseme mwenyewe alimweka wapi miaka yote hiyo."

Nilitafsiri bila kupunguza hata neno. Pruett akavua koti, akakifunika kigango vizuri, akashika upande wa miguu. Madereva walipokuja kumsaidia aliwazuia kwa mkono, akaniangalia mimi.

Nikashika upande wa kichwa. Tulipofika garini niligeuka. Hawe alikuwa ameketi chini, kiganja juu ya kisiki, akimwambia baba yake angoje tena.