Farasi Wekundu wa Kilimani

"Mimi gari lao la waya, hata likijengwa, silipandi," alisema mzee Purev huku akisogeza dumu lake chini ya mpira wa maji. "Maisha yangu yote nimeendesha lori, magurudumu yakiwa ardhini. Leo uzeeni nikaning'inizwe hewani kama nyama ya kukaushwa?"

"Basi baki," alijibu mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Binti yangu anapoteza asubuhi nzima ndani ya basi kwenda mjini, na mji wenyewe anauona kutoka hapa. Yeye atapanda hata mgongo wa kunguru, mradi afike."

Foleni ilicheka, pumzi zikawatoka nyeupe. Ndani ya kioski, Budkhand naye alitabasamu kidogo, mkono wake ukiwa kwenye koki. Kilima kizima kilikunywa kupitia mkono ule. Mahema ya sufu na vibanda vya mbao vilivyopanda mteremko mpaka karibu na kilele havikuwa na bomba hata moja, kwa hiyo kila nyumba ilileta madumu yake kwa kigari, na kila dumu lilikuja na maneno yake. Barabara itapita wapi, zahanati itapata lini daktari wa pili, makaa haya mapya ya tofali ni afadhali kuliko yale ya zamani au yanaua kimyakimya: yote yalijadiliwa hapo, tena kwa moto kuliko bungeni. Asiyekuwa na hoja alileta uzushi, ili mradi asisimame kimya kwenye baridi.

Nyuma ya Budkhand, kwenye kigoda karibu na hita ya umeme, Olzii alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye maji ndani yake, na foleni ilinyamaza. Budkhand aliuchukia ukimya ule kuliko kikohozi chenyewe. Ulikuwa ukimya wa watu waliokwisha kuamua jambo, ila wanaona haya kulisema mbele ya mwenyewe.

"Ana mafua tu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Watoto ndivyo walivyo," mzee Purev alimsaidia.

Olzii alikuwa na miaka sita. Mama yake alifariki akimzaa, na baba yake, Gansukh, mtoto wa pekee wa Budkhand, alifanya kazi kwenye mgodi wa kusini na kuonekana nyumbani wakati wa mwaka mpya tu. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa bibi. Na kusema kweli, bibi naye alikuwa wa mtoto, maana tangu mumewe azikwe Budkhand hakuwa na sababu nyingine ya kuwasha jiko alfajiri. Majira ya baridi yaliyopita kichomi kilimlaza Olzii mara mbili. Mara ya pili gari la wagonjwa lilikwama kwenye msongamano chini ya kilima, na Budkhand akateremka naye mgongoni, kamfunika kwa joho lake zito, akipita katikati ya magari yanayopiga honi. Mpaka leo, akisikia honi nyingi pamoja, humtafuta mtoto kwa mkono.

Sasa moshi ulikuwa umeanza tena. Kila jioni ulijaa bondeni mpaka taa za mji zikawa kama zimezama kwenye supu. Maral, daktari wa zahanati, hakumficha neno. "Bibi, mapafu ya huyu mtoto hayatamaliza baridi nyingine humu. Mtoe. Na usingoje ikolee."

Pa kumpeleka palikuwapo. Bibi yake wa upande wa mama, Dejid, alikuwa mfugaji mkoani Arkhangai, huko ambako moshi wote ni wa jiko moja na upepo una nafasi ya kuubeba. Tangu kiangazi alikuwa akipiga simu: niletee mjukuu wangu, au nije mwenyewe kumchukua. Na kila mara Budkhand alimjibu kwamba asubiri mkutano.

Mkutano ndio uliokuwa tegemeo lake. Kilimani palikuwa pajengwe magorofa. Wenye viwanja walikwisha kukubali, Budkhand akiwa wa kwanza kuinua mkono, na waliahidiwa kwamba wachimbaji wakianza tu kazi, kila familia itapewa chumba cha muda mjini, chumba chenye joto la mabomba, bila jiko, bila makaa. Alijua magorofa yale yangeizika kazi yake. Bomba likishaingia nyumbani, nani atapanga foleni tena? Hilo alilimeza. Alichotaka ni kimoja tu, wachimbaji waanze kabla ya baridi kali, ili Olzii apone bila kuondoka mikononi mwake.

"Leo watatupa tarehe," alisema, akafunga koki.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mzee Purev alisema, akalipakia dumu lake kwenye kigari na kushuka nalo taratibu.

Alasiri ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Watu walikuja na watoto wao, maana nani wa kuwaachia. Tungalag, mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mbuzi walio bonde la pili, aliwaomba waseme mmoja mmoja, na bila shaka wakasema wote kwa pamoja. Mmoja alitaka basi lifike mpaka juu. Mwingine alitaka zahanati iwe na chumba cha kulaza wagonjwa.

"Tunaambiwa sisi ndio tunaoupaka mji masizi," alisema mwanamume mmoja mwenye kofia ya manyoya. "Sawa. Lakini wale wa chini, joto lao la mabomba linatoka wapi? Si makaa hayahaya? Tofauti ni kwamba bomba lao la moshi ni refu."

Alipigiwa makofi. Budkhand hakupiga. Alikuwa amemtazama mhandisi wa magorofa tangu mwanzo, kijana mwenye miwani aliyekaa na mfuko mapajani, na moyo wake haukumpenda ule mfuko.

Mhandisi aliposimama alizungumza kwa adabu. "Wazazi wangu, kuna tatizo. Majani yalipochipua tulipima kilima chote, tukapigilia vigingi kuonyesha barabara itapita wapi na mabomba yatalala wapi. Juma lililopita tumerudi na mashine tuanze kuchimba. Vigingi havipo. Hata kimoja." Akafungua mfuko, akatoa fimbo nyeupe iliyonyooka, iliyochongwa mwisho, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu. "Vilikuwa kama hiki."

Watu wazima walitazama viatu vyao. Hakuna aliyekohoa, hata wenye vikohozi.

"Bibi," Olzii alisema kutoka mapajani mwa Budkhand, kwa sauti ya mtoto ambaye hajajifunza kunong'ona, "yule naye ana farasi kama wangu."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa vichwa vyekundu vya mbao, akavipanga juu ya goti lake, mkubwa mbele na wadogo nyuma. Mtoto wa safu ya mbele aligeuka kutazama, na kwa kuwa hakutaka kushindwa, naye akatoa wake. Msichana wa dirishani akadai kwamba wa kwake ni wengi kuliko wa wote, na ana dume lenye madoa. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa na makundi ya farasi wekundu, juu ya magoti, juu ya viti, na watu wazima wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa machozi.

Wala hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu ilikuwaje. Fimbo kavu imesimama njiani, haina mwenyewe, na asubuhi zimeanza kuuma. Lakini rangi haiingii motoni. Moto wa nyumbani haulishwi uchafu. Ukiulisha rangi na uvundo wake, umeutukana, na nyumba iliyoutukana moto wake haikai salama. Kwa hiyo kila mmoja, kwa wakati wake na kwa siri yake, alikata kichwa chekundu kwanza, akauchoma mwili kwa heshima zote, na kichwa akampa mtoto achezee. Kilima kizima kilikuwa kimekosea kwa adabu. Za Budkhand aliletewa na mzee Purev, mzigo mzuri uliofungwa kamba, shukrani ya kuruhusiwa kuruka foleni. Naye alivikata vichwa vile kwa shoka dogo huku akiuomba moto radhi, asiulize mti ule umetoka wapi.

Mhandisi mwenyewe alicheka, akavua miwani kuifuta. Alikuwa amezaliwa kwenye hema, alielewa. "Basi sina wa kumshtaki," alisema. "Tutapima upya. Ila ardhi inaanza kuganda, hatuwezi tena mwaka huu. Tutapima majani yakichipua, na kuchimba ni kiangazi."

Budkhand alisimama, Olzii mkononi. "Na vile vyumba vya muda?"

"Ni mpaka kazi ianze, mama."

"Kwa hiyo si kabla ya baridi."

"Si kabla ya baridi. Samahani sana, mama."

Kicheko kilizimika kuanzia waliokuwa karibu naye mpaka madirishani, maana wote walikunywa maji yake na wote walikijua kile kikohozi. Aliketi. Mzee Purev alipenya kutoka nyuma, akamwinamia, kofia mkononi.

"Dada, mimi nilidhani nakusaidia."

"Ulinisaidia," Budkhand alisema. "Tuliota moto mzuri."

Hakumkasirikia. Angalau hasira ingempa pa kushika. Alichokiona ni mikono yake mwenyewe ikilisha jiko kijiti kwa kijiti, chumba chenye joto la mabomba kikiteketea taratibu, ili mtoto aamke kwenye joto asubuhi moja.

Njiani kurudi alimpigia Dejid simu. "Njoo," alimwambia.

Dejid hakuuliza kulikoni. "Keshokutwa nitakuwa hapo," alisema. "Mama Gansukh, nitamtunza."

"Najua utamtunza. Ndiyo maana ninalia."

Keshokutwa ilipofika, gari la Dejid lilisimama mbele ya kioski, kwa kuwa hapo tu ndipo gari lingeweza kugeuza. Kulikuwa na watu kwenye foleni, na hakuna aliyethubutu kuondoka wala kuanza maneno. Dejid alikuwa mwembamba, uso umebabuliwa na upepo, na alileta jibini kavu mfuko mzima kana kwamba mjini hakuna chakula. Walikunywa chai ya maziwa yenye chumvi wakiwa wamesimama. Mwanawe Dejid, aliyekuwa dereva, alipakia kigunia cha nguo za Olzii, akaingia na kuwasha injini. Mtoto mwenyewe hakutulia. Aliahidiwa farasi wa kweli, na alitaka kujua rangi yake, jina lake, kama anauma. Budkhand alimwonea wivu mnyama ambaye hajapata kumwona.

Kwa desturi yao, anayesafiri hunuswa shavu moja. La pili huachwa liwe deni, na mwenye deni sharti arudi. Hapakuwa na mama kilimani ambaye hakuwahi kuachiana shavu na mtu, kijana aendaye jeshini, binti aendaye Korea, mume aendaye mgodini. Watu wa foleni waligeuza nyuso kidogo kwa heshima.

Budkhand alipiga magoti, akamnusa shavu la kulia. Alisikia harufu ya maziwa, na ya sabuni, na chini yake ya moshi. Alikuwa amemwogesha jana, akamwogesha tena asubuhi ile. Moshi haukuwa juu ya ngozi. Olzii alikwisha kugeuka kulikimbilia gari bibi yake alipomshika mkono, akamrudisha, akamnusa na la kushoto, muda mrefu, macho ameyafumba.

Mtu mmoja kwenye foleni alivuta pumzi kwa nguvu. Dejid alibaki amesimama, mkono kwenye mlango wa gari.

"Bibi, umekosea," Olzii alisema. "Hili ni la kurudi."

"Sikukosea."

"Sasa nikirudi utaninusa wapi?"

"Usirudi. Wewe kaa huko ukue. Mimi ndiye nitakayekuja."

Alisema hivyo bila kujua atakwenda lini, na kioski atamwachia nani. Olzii alilifikiria jambo hilo, akaona halina ubaya, akapanda gari. Dejid aliinamisha kichwa mbele ya Budkhand, kichwa chote, kama mtu aliyetwishwa mzigo, naye akapanda.

Budkhand alichota maziwa kwa upawa, akayarusha nyuma ya magurudumu kuwaombea safari njema. Gari liliteremka polepole kati ya nyua za mbao, likapinda, likaingia kwenye moshi wa bondeni na kupotea. Ng'ambo ya moshi, mbali upande wa magharibi, barabara huonekana tena inapoanza kupanda mlima. Alisimama akiitazama. Hakuna aliyeomba maji. Walitazama naye, wote, mikono kwenye mishikio ya vigari vyao.

Baada ya muda mrefu mzee Purev alinyoosha kidole. "Lile pale. Jeupe. Linapanda."

"Kweli," alisema mwanamke wa nyuma yake. "Limeshatoka."

Budkhand alitazama pale alipoonyeshwa. Aliona moshi, na mlima juu ya moshi, vyote vikicheza ndani ya machozi.

"Naliona," alisema.